Unataka kujaribu CBD kwa mara ya kwanza? Soma hii kabla hujatoa hela

Nawaandikia ndugu zangu tunaoishi huku Uingereza, hasa watu wa shifti za usiku, makea (wanaohudumia wazee na wagonjwa), manesi, madereva, wale wa maghala, maana ndo sisi tunaoulizana kila wiki kwenye magrupu ya WhatsApp "jamani hii CBD vipi, inaleta usingizi kweli?" halafu majibu yanakuja ya kukisia, mmoja anasema hiyo ni bangi achana nayo, mwingine anasema imemponya mgongo, presha na msongo wa mawazo kwa wiki moja. Mi ni kea, nafanya usiku mwaka wa sita sasa, usingizi wa mchana umenitesa sana mpaka nikaamua kuifatilia hii kitu kwa makini. Naeleza nilichojifunza hatua kwa hatua, na kama uko Tanzania au Kenya usiende kununua kwa sababu yangu, sheria huko ni nyingine kabisa, nitafika hapo mwishoni na naomba usiruke.

Kwanza ujue unanunua nini

Mmea wa bangi una kemikali nyingi za ukoo mmoja zinaitwa kanabinoidi. Mbili ndo maarufu. THC ndo inayolevya, CBD hailevyi. CBD ya madukani huku inatolewa kwenye hempu, ambayo ni bangi ileile ila ya mbegu iliyochaguliwa iwe na THC kidogo sana, kwa hiyo anayekwambia "haihusiani kabisa na bangi" anakudanganya na anayekwambia "utalewa" naye hajui. Inauzwa kihalali hapa, utaiona Boots, utaiona Holland & Barrett, lakini inauzwa kama chakula cha nyongeza, siyo kama dawa. Hilo la chakula lishike vizuri maana lina maana kubwa: muuzaji haruhusiwi kukwambia inatibu ugonjwa wowote. Ukikuta mtu kwenye Facebook au TikTok anauza mafuta na kusema yanatibu kansa au kisukari, huyo anavunja sheria, na mtu anayevunja sheria kwenye maneno sijui kwa nini umwamini kwenye chupa.

Ipo CBD ambayo ni dawa kamili, inaitwa Epidyolex, inatolewa na madaktari bingwa kwa aina chache za kifafa kikali zinazoanza utotoni, na imepita kwenye majaribio ya kweli. Ila angalia kiwango: dozi ya kawaida ni miligramu 10 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, na inaweza kupanda hadi 20. Yaani mtoto wa kilo 20 anapata miligramu 200 kwa siku chini ya uangalizi, anapimwa damu, ini linafatiliwa. Kuna utafiti mwingine wa Brazil wa 2019, watu walipewa CBD kabla ya kuongea mbele za watu ili waone kama woga unapungua, iliyosaidia ilikuwa miligramu 300, wakati 150 na 600 hazikuonyesha kitu. Sasa linganisha na dukani. Shirika la Viwango vya Chakula la hapa, FSA, mwaka 2020 lilisema mtu mzima mwenye afya asizidishe miligramu 70 kwa siku, Oktoba 2023 likashusha mpaka miligramu 10, kwa sababu ukitumia nyingi kwa muda mrefu kuna wasiwasi juu ya ini na tezi ya thairodi.

Kwa hiyo ukisikia "utafiti umethibitisha" uliza ni miligramu ngapi. Kile kichupa chako na ule utafiti ni mbingu na ardhi. Sisemi hivi ili upande mpaka 300 nyumbani peke yako, hapana, nasema ili uingie ukijua kwamba kwa miligramu 10 inawezekana kabisa usihisi chochote, na hilo litakuwa jibu halali.

Wewe ni mtu wa kuijaribu?

Hapa ndo watu wanapitiliza mbio. Kama una mimba, unatafuta mimba, au unanyonyesha, acha. Chini ya miaka 18, acha. Kama ini lako lina tatizo, acha mpaka daktari aseme. Na kama unatumia dawa yoyote ya kila siku, usinunue kabla hujaongea na mfamasia, ni bure, huhitaji miadi, unaingia famasi unamwambia "nataka kujaribu CBD na natumia dawa hizi", unamwonyesha boksi.

Sababu yenyewe ni hii. Ini lina vimeng'enya vinavyovunja dawa, na CBD inavishughulisha vilevile, kwa hiyo dawa yako inaweza kubaki mwilini kwa wingi kuliko daktari alivyopanga. Warfarin ya kuzuia damu kuganda ni mfano mmoja, damu inakuwa nyepesi kupita kiasi. Tacrolimus kwa waliopandikizwa figo. Dawa za kifafa kama clobazam. Valproate ya kifafa nayo uliza, ikichanganywa na CBD ini linaweza kuumia zaidi. Njia rahisi ya kushtuka: fungua ile karatasi ndani ya boksi la dawa, ikisema usile balungi wala kunywa juisi yake (simvastatin ya kolesteroli ni mojawapo) basi hiyo ni dawa ya kuuliza kwanza. Mnaotumia ARV ulizeni pia, wala msione aibu, mfamasia anaona kila kitu kila siku. Na vidonge vya usingizi au pombe usichanganye, usingizi unakuwa mzito kupita unavyotaka.

Madereva wa basi, lori, treni, na yeyote ambaye kazini kwake wanapima mkojo au mate, nyie mna hesabu yenu. Kipimo hakitafuti CBD, kinatafuta THC, lakini mafuta mengine yana THC ya mabaki na ukitumia kila siku inaweza kujikusanya. Huku kiwango cha THC kwenye damu ukiwa unaendesha ni maikrogramu 2 tu kwa lita, ni kidogo mno. Kisingizio cha "nilinunua dukani kihalali" hakitarudisha leseni. Kwa maoni yangu kama mkate wako unategemea leseni, iache kabisa, na kama huwezi kuacha chagua ile safi isiyo na THC, nitaieleza sasa hivi.

Daftari kabla ya chupa

Wiki moja kabla hujanunua chochote, chukua daftari. Andika umelala saa ngapi, umeamka saa ngapi, umeshtuka mara ngapi katikati, chai au kahawa ya mwisho ilikuwa saa ngapi. Kama shida yako ni maumivu, jipe namba kutoka 0 mpaka 10 kila jioni. Watu wanaona hii ni usumbufu, lakini bila hiyo wiki utakuwa unalinganisha leo na kumbukumbu, na kumbukumbu ya mtu aliyechoka haina uaminifu. Chagua shida moja tu. Ukisema nataka inisaidie usingizi na goti na hasira, mwishoni hutajua imesaidia nini.

Mafuta, gami, kapsuli au nini

Kwa mara ya kwanza mi nashauri mafuta ya matone, kwa sababu unaweza kuongeza na kupunguza tone moja moja. Unaweka chini ya ulimi, unakaa nayo dakika moja hadi moja na nusu bila kumeza, ndo unameza. Ladha yake ni ya majani mabichi na udongo kidogo, wengine inawashinda. Gami, zile pipi za jeli, ni tamu na zinabebeka, ila zinapita tumboni kwanza kwa hiyo zinachelewa hata saa moja au mbili, na mtu anajiona hajapata kitu anaongeza nyingine. Halafu kuna zenye miligramu 25 kwa moja, tayari umepita 10 ya FSA mara mbili na nusu. Na ni pipi machoni pa mtoto, ukiwa na watoto ndani funga kabatini kwa ufunguo. Kapsuli ni sawa ila hukati nusu. Krimu ya kupaka haiingii sana kwenye damu, kama unataka kuchua goti sawa, usitegemee usingizi kutoka kwenye krimu. Vepu sishauri, mapafu siyo mahali pa kujaribia, na mafuta ya matone usithubutu kuyavuta kwenye vepu hata siku moja.

Kwenye mafuta utakutana na aina tatu. Ful-spektramu ina CBD pamoja na kanabinoidi nyingine zote, na THC ya mabaki imo. Brodi-spektramu wameitoa THC, au wamejitahidi kuitoa. Aisoleti ni CBD peke yake. Wauzaji watakwambia ful-spektramu inafanya kazi zaidi kwa sababu vyote vinasaidiana, inawezekana, lakini ushahidi wake bado ni mwembamba, na kwa anayeanza aisoleti ni rahisi kuielewa: kitu kimoja, kiwango kimoja, na hofu ya THC inapungua sana.

Lebo, hapa ndo nilipopigwa

Chupa yangu ya kwanza niliinunua sokoni, kwenye kimeza cha mtu mmoja, chupa kubwa ya mililita 50, jani la kijani mbele, imeandikwa kwa maandishi makubwa "Hemp Oil 20,000". Bei poa. Nikatumia wiki tatu. Nikaja kusoma nyuma vizuri siku ambayo imebaki robo, kwenye viungo imeandikwa "Cannabis sativa seed oil" basi. Hayo ni mafuta ya mbegu. Mbegu za hempu hazina CBD ya maana, mafuta yake ni mazuri kwenye kachumbari kama ya alizeti tu, na ile 20,000 haikuwa miligramu ya kitu chochote. Iliniuma, siyo hela tu, ni zile wiki tatu nilizoamini nimepata nafuu.

Kwa hiyo geuza chupa. Tafuta neno CBD au cannabidiol likiwa na miligramu mbele yake. Likikosekana rudisha. Kwenye Amazon nako kuwa makini vilevile, kile unachokiona pale chenye jani na namba kubwa kinaweza kuwa mafuta ya mbegu tu.

Hesabu ya matone, chukua kalamu

Namba kubwa mbele ya chupa ni CBD ya chupa nzima, siyo ya tone. Chupa ya mililita 10 yenye miligramu 500, gawa: 50 kwa kila mililita, wengine wanaiandika 5%. Mililita moja ni kama matone 20. 50 gawa kwa 20 ni miligramu 2.5 kwa tone. Kwa hiyo matone 4 ni miligramu 10, na chupa inakupeleka siku 50.

Chupa nyingine mililita 10 ileile lakini miligramu 1000, tone moja ni 5, matone mawili tu umefika. Chupa ya mililita 30 yenye miligramu 1000 inaonekana kubwa na kali ila tone lake ni kama 1.7, unahitaji sita. Unaona namna macho yanavyodanganya? Dropa za chupa zinatofautiana kidogo, kwa hiyo siku ya kwanza hesabu matone mpaka kwenye mstari wa mililita uone yako inatoa mangapi.

Bei nayo usiangalie ya chupa, angalia ya miligramu. Pauni 25 kwa miligramu 500 ni peni 5 kwa miligramu. Pauni 15 kwa miligramu 150 ni peni 10, yaani ile ya "bei rahisi" ni ghali mara mbili. Mi nafanya hii hesabu hapohapo dukani kwenye simu, haichukui dakika.

Kabla ya kulipa, vitu viwili

Cha kwanza, FSA ina orodha ya wazi ya bidhaa za CBD zilizo kwenye utaratibu wa kuomba kibali, kwa England na Wales. Ingia, tafuta jina la kampuni na bidhaa yenyewe. Kuwemo kwenye orodha siyo muhuri kwamba ni salama, ni kwamba maombi yake yako mezani, ila kutokuwemo ni sababu tosha ya kuiacha.

Cha pili, cheti cha maabara. Kampuni nzuri inaweka QR kodi kwenye boksi au cheti kwenye tovuti yake. Angalia kama maabara ni ya nje siyo ya kampuni yenyewe, kama namba ya bechi kwenye cheti ndo iliyo kwenye chupa yako, halafu CBD ni ngapi na THC ni ngapi, na kama wamepima madini mazito kama risasi na kadmiamu, dawa za shambani, na viyeyusho, yaani kemikali zinazotumika kutoa CBD kwenye mmea. Madini ni muhimu kwa sababu hempu inafyonza sana vilivyo kwenye udongo. Ukiwaandikia kuomba cheti na wakazungushazungusha, umeshapata jibu. Hii siyo hofu ya bure, kuna utafiti uliochapishwa kwenye jarida la kitabibu la JAMA mwaka 2017, walinunua bidhaa 84 za CBD mtandaoni Marekani wakazipima, asilimia 31 tu ndo zilikuwa na kiwango kilichoandikwa, na bidhaa 18 kati ya hizo 84 zilikutwa na THC. Huku nako NHS, huduma ya afya ya taifa, wanasema wazi kwamba ubora wa hizi za dukani hauna uhakika.

Siku ya kwanza na wiki zinazofuata

Anza siku ya ofu, huna gari la kuendesha, hujabaki peke yako na watoto. Kula kwanza chakula chenye mafuta ya kutosha, parachichi, mayai, wali wa nazi, maana CBD ikimezwa tumbo likiwa tupu inaingia kidogo sana, na kwenye dawa ile ya kifafa walikuta mlo wenye mafuta mengi unaongeza kiwango mwilini karibu mara nne hadi tano. Muhimu zaidi uwe unafanya vilevile kila siku, usile na chakula leo halafu kesho tumbo tupu.

Anza na miligramu 5 tu, matone mawili ya ile chupa ya 5%, saa moja hivi kabla ya kulala. Kaa hapo siku nne au tano. Ikiwa shwari panda hadi 10 na baki hapo. Usiongeze kwa sababu usiku mmoja haukwenda vizuri.

Yanayoweza kutokea ni kinywa kukauka, kusinzia, kuharisha, hamu ya kula kupungua. Vidogo hivyo punguza au pumzika. Lakini ukiona macho yanakuwa ya njano, mkojo mweusi kama chai ya rangi, mwili unawasha, maumivu upande wa kulia chini ya mbavu, acha siku hiyohiyo na umwone daktari, na umwambie ukweli kwamba unatumia CBD. Hatakushtaki.

Daftari liendelee wiki nne. Na usibadilishe kitu kingine chochote humo katikati, hili nalisema kwa uchungu kwa sababu jaribio langu la pili, lile la mafuta ya kweli, nililiharibu hapo. Kabla nilikuwa nalala wastani wa saa nne na nusu baada ya shifti, mwisho wa wiki ya nne nikafika saa tano na robo, nikafurahi sana, nikaanza kuwaambia watu. Kurudi kwenye daftari nakuta wiki ya pili niliweka mapazia mazito meusi chumbani. Ikabidi niache mafuta wiki tatu, mapazia yabaki, niendelee kuandika. Usingizi ulishuka dakika kumi tu. Kwa hiyo kwangu kazi kubwa ilifanywa na giza, CBD labda ilichangia kidogo, labda hata hicho kidogo siyo chake. Kuna mwenzangu kazini anasema yeye wasiwasi umepungua kabisa, simpingi, mwili ni wake, ila nilimwomba afanye hilo la kuacha wiki tatu aone. Nawe fanya hivyo chupa ikiisha, kabla ya kununua nyingine. Ukiacha na hakuna tofauti, zile pauni 25 zina kazi nyingine.

Na kama usingizi au wasiwasi ni mzito, miezi inapita, nenda kwa GP, daktari wako wa mtaa. Matone haya yasikucheleweshe.

Usisafiri nayo. Narudia, usisafiri nayo

Mama yangu ana magoti, yuko Tanga. Siku moja tunaongea, shikamoo mama, marahaba mwanangu, ananiambia jirani kamwambia kuna mafuta huko Ulaya ya kupaka na kunywa, nimtumie. Nikamwambia mama hayo siwezi kukutumia hata kama yangekuwa bure. Tanzania bangi na mazao yake vimekatazwa chini ya sheria ya dawa za kulevya ya 2015, Kenya wana ya kwao ya 1994, na ofisa wa uwanja wa ndege hatakaa kukusikiliza ukimweleza tofauti ya CBD na THC, anaona jani kwenye lebo. Usitume kwenye kontena, usimpe mtu anayeenda ambebee mama, utamtia matatani mtu ambaye hajui hata amebeba nini. Mama tulimtafutia daktari wa mifupa na mazoezi ya kila asubuhi.

Na wengi wetu tunapita Dubai. Serikali ya Uingereza kwenye ushauri wake wa safari inasema wazi kwamba bidhaa zenye CBD ni haramu Falme za Kiarabu na unaweza kukamatwa, hata kama uliinunua dukani hapa na risiti unayo. Usijipe moyo kwamba unapita tu kubadilisha ndege. Wa Doha na Muscat chukueni tahadhari hiyohiyo.

Kwa hiyo wiki ya safari, mimina kila kitu cha mkoba na begi kitandani. Siyo chupa tu, angalia krimu za kuchua, gami lililobaki kwenye mfuko wa koti, vepu, sabuni na mafuta ya mdomo yenye picha ya jani. Desemba iliyopita nilidhani niko safi, nikakuta kikopo cha krimu kwenye begi la mwanangu, kile alichotumia baada ya mpira, siku mbili kabla ya ndege.